Asilimia 17: wakala wa pombe kali alivyogeuzwa mlipaji jimboni Washington

Jimboni Michigan, kaskazini mwa Marekani, mwenye duka la pombe kali analipwa kwa njia nyepesi kueleza. Serikali ya jimbo ndiyo muuzaji wa jumla pekee, ndiyo inayopanga bei, na mwenye duka anauziwa chupa kwa punguzo la asilimia 17. Chupa yenye bei ya msingi ya dola 20 anaichukua kwa dola 16.60, na tofauti inabaki kwake. Jimboni Washington, upande wa Pasifiki, mwenye duka naye ana asilimia 17 yake, ila hii inamtoka. Katika kila dola 100 anazouza pombe kali, dola 17 anazipeleka serikalini kwa jina la ada ya leseni. Kodi ya mauzo na kodi ya lita anazolipa mnunuzi ni nyingine, hazimo humo.

Hadi tarehe 31 Mei 2012 Washington nayo ilikuwa inalipa watu waiuzie pombe. Kuanzia kesho yake, tarehe 1 Juni, ikaanza kuwatoza. Ugomvi kuhusu mageuzi hayo ulinadiwa kama ugomvi wa siasa: serikali ijitoe kwenye biashara, soko lipumue. Mimi nauona zaidi kama kisa cha mtu mmoja aliyekaa katikati, wakala wa mji mdogo, ambaye mfumo ulibadilika juu ya kichwa chake na hesabu zake zote zikageuka.

Tuanze na chanzo. Marekani ilipiga marufuku pombe nchi nzima mwaka 1920, na marufuku hiyo ikafutwa tarehe 5 Desemba 1933 kwa Marekebisho ya 21 ya Katiba. Marekebisho hayo yaliachia kila jimbo lijiamulie mambo yake ya vileo. Majimbo mengi yakachagua kutoa leseni kwa watu binafsi na kukusanya kodi. Mengine yakasema hapana, bia na divai tutaachia wafanyabiashara, lakini pombe kali (wiski, vodka, jini, ramu) tutaishika wenyewe. Washington ilikuwa kundi hili la pili. Bodi yake ya Udhibiti wa Vileo ilizaliwa mwaka 1934 na ikaendesha maduka ya serikali kwa karibu miaka 80. Leo yamebaki majimbo 17 ya namna hiyo, kila moja na mtindo wake. Pennsylvania na Utah zina maduka yenye wafanyakazi wa serikali. New Hampshire imejenga maduka makubwa kando ya barabara kuu ili kuwanasa wasafiri wa majimbo jirani. Iowa iliacha rejareja mwaka 1987 ikabaki na jumla. Oregon na Ohio zinatumia mawakala.

Huyu wakala ndiye wa kumtazama kwa karibu. Oregon inamwonyesha vizuri. Chupa zilizojaa kwenye rafu zake si zake. Ni mali ya jimbo mpaka dakika mteja anapolipa kaunta. Mzigo unamjia kutoka ghala la serikali, serikali inapanga bei, na bei ni ileile iwe duka liko Portland au kwenye kijiji cha jangwani mashariki. Yeye anatafuta pango, analipa umeme, anaajiri watu, anahakikisha mtoto wa chini ya miaka 21 hauziwi, na mwisho wa hesabu analipwa kamisheni, ambayo kwa wastani imekuwa ikizunguka karibu na asilimia 9 ya mauzo. Ohio kwa miaka mingi ililipa asilimia 6 kwa chupa inayouzwa kwa mnywaji na 4 kwa ile inayokwenda baa. Msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi amfikirie wakala wa pesa za simu: kibanda ni chako, kazi ni yako, kamisheni anapanga mwingine. Tofauti ni kwamba wakala wa simu anaweka floti yake mwenyewe, na asipokuwa na mtaji hana kazi. Wakala wa pombe wa Oregon hahitaji kununua hata chupa moja.

Washington ilichanganya mitindo miwili. Mijini kulikuwa na maduka ya serikali zaidi ya 160, yenye watumishi wa umma na chama chao cha wafanyakazi. Miji midogo, ambako mauzo yasingelipa mshahara wa mtumishi wa umma, Bodi iliingia mkataba na mtu wa hapohapo. Haya nayo yalikuwa zaidi ya 160. Mara nyingi wakala alikuwa na biashara nyingine tayari, duka la vyakula, la dawa au la vifaa vya ujenzi, akatenga upande mmoja ukawa wa pombe ya serikali. Mzigo ulitoka ghala kuu la Bodi pale Seattle. Aliuza, akalipwa kamisheni. Baa na migahawa ya mji nayo ilichukua mzigo kwake au kwenye duka la serikali, maana hapakuwa na pengine pa kununua kihalali. Biashara ya namna hii haimtajirishi mtu, lakini ilikuwa na kitu ambacho mwenye duka mdogo hakipati kirahisi: hakuna mshindani wa jirani, hakuna mtaji uliolala rafuni, na bei haiwezi kuvunjwa na mtu mwenye duka kubwa kuliko lako.

Serikali yenyewe ilikula wapi? Kwenye nyongeza ya bei. Bodi ilinunua chupa kwa mtengenezaji, ikaongeza asilimia 51.9, ndipo zikaja kodi: asilimia 20.5 ya mauzo ya pombe kali, na dola 3.77 kwa kila lita. Katika ile 51.9 ndimo mlimotoka gharama za ghala, malori, mishahara na kamisheni ya mawakala. Kilichobaki kilikwenda hazina ya jimbo na kwenye serikali za miji na kaunti. Yaani kamisheni ilikuwa gharama ya serikali, imo ndani ya mfuko wa serikali. Tukumbuke hilo, kwa sababu ndilo lililogeuka.

Mwaka 2010 wapiga kura waliletewa hoja mbili kwa mpigo za kuivunja biashara hii ya serikali. Moja iliungwa mkono na Costco, kampuni ya maduka makubwa yenye makao yake Issaquah, jimboni humohumo. Nyingine ilikuwa na baraka za wasambazaji wa jumla, na hao walitaka serikali itoke lakini wao wabaki katikati. Zote mbili zikaanguka. Watu waliogopa kuona wiski kwenye kila kituo cha mafuta, na miji iliogopa kupoteza mgawo wake.

Costco wakarudi mwaka uliofuata na hoja namba 1183, na safari hii waandishi wa hoja walikuwa wameshasoma hofu za watu. Kituo cha mafuta? Wakaweka kwamba duka la kuuza pombe kali lazima liwe na ukubwa usiopungua futi za mraba 10,000, karibu mita za mraba 930. Mapato ya serikali? Wakaweka ada nzito mpya. Usalama? Wakaongeza maradufu adhabu za kumuuzia mtoto pombe kali, na wakatenga dola milioni 10 kila mwaka kwa usalama wa umma katika serikali za mitaa. Costco peke yao walitia zaidi ya dola milioni 20 kwenye kampeni, na ikawa kampeni ya hoja ya wananchi iliyogharimu fedha nyingi kuliko zote katika historia ya jimbo hadi wakati huo. Novemba 2011 ikapita kwa karibu asilimia 59. Wapinzani walikwenda mahakamani wakidai hoja imefunga mambo mengi katika fungu moja. Mahakama ya Juu ya jimbo ikatoa uamuzi tarehe 31 Mei 2012, siku ya mwisho kabisa ya mfumo wa zamani, ikaipitisha kwa majaji watano dhidi ya wanne.

Nitakaa kidogo kwenye yale masharti ya ada, kwa sababu humo ndimo kisa kilimo.

Muuzaji rejareja analipa asilimia 17 ya mapato yake yote ya pombe kali. Ya mapato, si ya faida. Msambazaji analipa asilimia 10 ya mapato yake kwa takriban miaka miwili ya kwanza ya leseni, kisha 5. Zile kodi za zamani, 20.5 kwa mia na dola 3.77 kwa lita, zikabaki palepale. Juu ya hayo, wasambazaji kwa jumla yao walitakiwa wawe wamelipa dola milioni 150 za ada ifikapo 31 Machi 2013, na kama hazitatimia, wenye leseni wajazie wenyewe. Hazikutimia. Upungufu ulizidi dola milioni 100, na wasambazaji wachache wakubwa ndio waliobeba sehemu kubwa ya mzigo huo. Baadaye walishitaki wakilalamika kwamba watengenezaji wanaouza moja kwa moja walikwepeshwa. Mahakama ya Juu ya jimbo ikawa upande wa Bodi mwaka 2015.

Tufanye hesabu ya chupa moja. Namba za mwanzo ni zangu, za mfano tu. Viwango ni vya sheria. Chukua chupa ya mililita 750 iliyofika jimboni kwa dola 10.

Mfumo wa zamani: Bodi inaongeza 51.9 kwa mia, inakuwa 15.19. Kodi ya asilimia 20.5 ni 3.11. Kodi ya lita kwa robo tatu ya lita ni 2.83. Mteja analipa 21.13, na ndiyo bei iliyobandikwa rafuni, maana maduka ya serikali yaliandika bei ikiwa na kodi ndani.

Mfumo mpya: tuseme msambazaji anauza kwa dola 13, ndani yake mna ada yake ya asilimia 10, usafiri na faida yake. Mwenye duka mdogo anataka abakiwe na dola 3 za kulipia pango, mshahara na umeme. Anahitaji dola 16 mkononi baada ya ada. Hawezi kuuza 16, kwa sababu serikali itachukua 17 kwa mia ya chochote atakachoandika. Inabidi aandike 19.28, alipe ada ya 3.28, ndipo 16 zibaki. Kisha mteja anafika kaunta anaongezewa kodi ya asilimia 20.5, yaani 3.95, na ya lita 2.83. Jumla 26.06.

Tazama nani kala nini. Katika 26.06 hizo, serikali imepata 3.28 ya ada ya duka, 3.95, 2.83, na 1.30 iliyomo kwenye bei ya msambazaji: dola 11.36, na haina tena ghala wala mshahara wa kulipa. Katika mfumo wa zamani ilikusanya 11.13 kwa jumla, lakini humo ndimo ilimotoa gharama zote pamoja na kamisheni. Serikali ilijitoa kwenye biashara ikiwa imebeba faida ya biashara. Kwa upande wa hazina lilikuwa jambo zuri kabisa, na sishangai kwamba mapato yalipanda. Kwenye orodha za kodi ya pombe kali Marekani, Washington imekaa kileleni tangu hapo, kwa zaidi ya dola 30 kwa galoni.

Mteja naye alishtuka mara mbili. Kwanza bei zilipanda katika mwaka wa kwanza. Pili, maduka binafsi yaliandika rafuni bei isiyo na kodi. Mtu anachukua chupa iliyoandikwa 19.28 akiamini ushindani umeshafanya kazi yake, anafika kaunta mashine inasoma 26.06. Anadhani keshia amekosea. Walioishi karibu na mipaka walijua la kufanya. Vancouver ya Washington inatazamana na Portland ya Oregon, kati yao mto Columbia tu, na Oregon haina kodi ya mauzo: kilichoandikwa ndicho unacholipa. Kutoka Spokane kwenda Idaho nako si mbali. Maduka ya pombe ya mipakani, ya Oregon na ya Idaho, yakaona mauzo yanaruka. Kichekesho cha mambo ni kwamba majimbo yote mawili yanaendesha pombe kwa udhibiti wa serikali. Watu waliopigia kura soko huria wakawa wanavuka mto kwenda kununua kwa serikali ya jirani.

Turudi kwa wakala wa mji mdogo.

Mkataba wake ulikufa usiku ule wa Mei. Hoja 1183 haikumsahau kabisa: ilimruhusu kuomba leseni ingawa duka lake halifiki futi 10,000. Upendeleo huo ulipewa pia watakaonunua maduka ya serikali. Ukiusoma haraka unaonekana kama zawadi, eti wadogo wengine wote wamefungiwa nje, wewe umefunguliwa mlango. Lakini sharti la futi 10,000 lilizuia nani hasa? Lilizuia vituo vya mafuta na vibanda vya kona. Halikuzuia Costco, wala maduka makubwa ya vyakula kama Safeway na Fred Meyer, na hao ndio waliokuwa hatari kwake. Idadi ya maduka yanayouza pombe kali ilitoka kama 330 ikavuka 1,400. Duka la serikali lilikuwa linafunga mapema zaidi. Duka kubwa la vyakula liliruhusiwa kuuza kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 8 usiku, na mteja alikuwa tayari yumo ndani ananunua nyama na maziwa.

Sasa weka ile ada ya 17 kwa mia juu ya hao wawili. Duka kubwa linanunua kwa malori na linapata punguzo la wingi, jambo ambalo sheria mpya iliruhusu wakati ya zamani ilikataza. Linaweza kupokea mzigo kwenye ghala lake lenyewe na kuusambaza. Likitaka, linauza vodka kwa faida ndogo mno, kwa sababu mtu aliyefuata vodka atatoka na toroli zima. Yule wa mji mdogo ana rafu za pombe peke yake, au pombe na bidhaa chache. Ada inakatwa kwenye mauzo kabla hajajua kama mwezi huu amepata faida au hasara. Zamani, akiuza dola 100 alijua kiasi gani ni chake. Sasa akiuza dola 100 anajua kwa hakika kiasi gani si chake, na kilichobaki kinategemea Safeway wameandika bei gani leo.

Na mtaji. Hili ndilo lililowamaliza wengi, kwa maoni yangu, kuliko hata ada. Mtu aliyezoea mzigo wa serikali rafuni alitakiwa mwezi wa kwanza kununua rafu nzima kwa fedha zake au za benki. Kuna wiski ya dola 60 inayouzwa moja kwa miezi miwili. Ikiwa ya serikali, haikuumi. Ikiwa yako, ni dola zako zimesimama pale zinakutazama. Wizi nao ulibadilika sura. Chupa zilianza kuibwa sana katika maduka ya vyakula, hadi mengi yakafunga pombe kwenye makabati ya kioo au kuweka vifuniko vya kufuli. Duka kubwa linaingiza hasara hiyo kwenye hesabu zake pana. Duka dogo linaihisi chupa kwa chupa.

Walionunua maduka ya serikali nao wana sura yao, na wenyewe waliingia kwa hiari. Aprili 2012 Bodi ilinadi maduka 167 kwa mnada wa mtandaoni, na zabuni zilizoshinda zikafika jumla ya dola milioni 30.75. Kilichouzwa kilikuwa haki tu: haki ya kuomba leseni mahali lilipokuwa duka la serikali. Jengo ni la mwenye nyumba, mkapatane naye. Mzigo ununue. Wafanyakazi, ambao karibu 900 walikuwa wanapoteza ajira zao serikalini, ajiri ukitaka. Wengine walitoa mamia ya maelfu ya dola kwa haki hiyo. Baadhi waliposhinda walifanya hesabu upya wakashindwa kulipa, na maduka yao yakarudishwa mnadani. Katika waliolipa na kufungua, wengi walifunga ndani ya miaka michache. Walikuwa wamenunua rekodi ya mauzo ya duka lililokuwa peke yake mjini, wakafungua duka lililozungukwa. Mnada huo ulikuwa halali na wazi, namba zote zilikuwa mezani. Hata hivyo serikali ndiyo iliyokuwa inauza, serikali hiyohiyo ndiyo iliyokuwa inagawa leseni mpya kwa mamia upande wa pili wa barabara. Mwenye kuuza kiti huku anaongeza viti ukumbini alistahili, angalau, kusema idadi ya viti.

Tegemeo moja lilibaki kwa wadogo hawa: baa na migahawa. Walizifahamu, walizihudumia kwa miaka, na mwenye baa wa mji mdogo hataki kusubiri lori la msambazaji kwa chupa sita. Sheria iliruhusu duka la rejareja kuiuzia baa, lakini si zaidi ya lita 24 kwa mauzo ya mara moja, ambazo ni chupa 32 za kawaida. Bado pangetosha kula. Ila Bodi ilitafsiri kwamba ile asilimia 17 inagusa mauzo yote ya duka, hata yale ya baa. Msambazaji akiiuzia baa ileile analipa 10, baadaye 5. Basi mwenye duka anayenunua kwa msambazaji aliyekwishalipa ada, akaiuzia baa, alikuwa anapandisha ada juu ya ada, na bei yake haikuwa na njia ya kushindana. Mkwaruzo mmoja wa kalamu ulikuwa umefuta wateja wake wa uhakika.

Wenye maduka haya walikwenda bungeni Olympia kulalamika, na mwaka 2013 wabunge wakawasamehe: waliokuwa mawakala wa mkataba na walionunua maduka ya serikali hawatalipa asilimia 17 kwenye pombe wanayoziuzia baa na migahawa. Kwa mauzo ya kawaida ya kaunta, ada ikabaki. Ulikuwa msaada wa kweli, nisiubeze, na kuna maduka ambayo yako hai leo kwa sababu ya baa za mjini kwao. Lakini ulikuja mwaka mzima baada ya milango kufunguliwa, na kwa mwenye duka anayekula mkopo wa benki, mwaka ni mrefu.

Sisemi mfumo wa zamani ulikuwa mtakatifu. Serikali kuwa mwenye chupa kuna vishawishi vyake. Oregon, mwaka 2023, ilibainika kwamba wakuu wa tume ya vileo walikuwa wakijitengea chupa adimu za bourbon (wiski ya Kimarekani), ambazo mwananchi wa kawaida huzitafuta miaka bila kuziona, wakaelekeza zipelekwe duka fulani wakazinunue. Walilipia, hawakuziiba, lakini mkurugenzi mtendaji aliondoka kazini. Kamisheni nayo ina maumivu yake. Ongezeko la pointi moja linapunguza kinachokwenda kwa miji na kaunti, kwa hiyo wakala anayelilia pango lililopanda anajikuta anabishana na bajeti ya polisi wa mji wake. Na mteja wa Washington leo ana saa nyingi za kununua na chapa nyingi zaidi za kuchagua, pamoja na viwanda vidogo vya pombe vilivyochipuka jimboni.

Lakini kulikuwa na njia nyingine ya kubadilisha mwenye chupa, na ilitumika miezi minane tu baadaye. Tarehe 1 Februari 2013, Ohio ilikodisha biashara yake yote ya jumla ya pombe kali kwa JobsOhio, shirika binafsi lisilogawana faida lililoundwa kukuza uchumi wa jimbo. Mkataba ulikuwa wa miaka 25, kwa karibu dola bilioni 1.4. Kwa siku moja chupa zote kwenye rafu za mawakala wa Ohio zilibadili mwenyewe, zikatoka mikononi mwa serikali. Kulikuwa na kelele nyingi za kisiasa na kesi mahakamani kuhusu kama jambo hilo linaruhusiwa kikatiba. Idara ya vileo ya jimbo iliendelea kusimamia mambo ya kila siku kwa niaba ya mwenye mali mpya. Wakala wa Ohio alifungua duka asubuhi, lori likaja, bei zikabaki za kupangwa, na kamisheni ikaendelea kuingia upande uleule iliokuwa ikiingia.